Wachumba wa mtandaoni wapo, ila hiyo nauli ya Mbeya subiri kwanza

Kaka uliyeuliza kama wachumba wa mtandaoni wapo kweli au ni matapeli watupu, na una binti wa Mbeya anayetaka 120,000 ya nauli na kusuka ili aje Dar: wapo. Mume wangu nilimpata Badoo, ile app ya kutafuta wachumba. Ila hiyo hela usitume kwanza.

Wengi wamekushauri uchunguze picha na uandishi wake. Mimi hivyo sivipi uzito. Picha zinaibwa Instagram kila siku, na maneno matamu tapeli anayo kuliko mtu mkweli. Mume wangu kuchati alikuwa hajui kabisa: "mambo", "umekula?", basi. Kilichonifanya niendelee naye ni kwamba kila alichoniambia niliweza kukihakiki mwenyewe.

Kwa mfano jina. Nilijifanya namtumia hela kwa simu. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linatokea. Likatokea lake, nikaghairi muamala. Ujue lakini wapo wanaotumia laini za watu, kwa hiyo jina likilingana bado hujamaliza kazi. Lisipolingana, ukaambiwa "hiyo ya binamu yangu", kimbia.

Halafu siku moja mchana nikampigia video bila taarifa. Akapokea yuko gereji, mikono imejaa grisi, na fundi mwenzake akachungulia kwenye simu: "Ndiye shemeji wa Dodoma huyu?" Aisee, hapo nilitulia. Mtu mwenye nia ameshakutaja kwa watu wake kabla hujawaona. Wa ujanja kila ukipiga mtandao unasumbua, au kamera mbovu.

Kuonana: treni ya SGR ilipofika Dodoma 2024 tukakubaliana tukutane Morogoro, kila mtu ajilipie. Yeye kutoka Dar alilipa 13,000, akanirushia picha ya tiketi. Mimi nilikwenda na dada yangu, akakaa meza ya pembeni akijifanya hatujuani. Bili ya soda zake tukaletewa sisi.

Kazi ilikuwa nyumbani. Mjomba aligoma: "Mtu wa kwenye simu hana kwao." Mshenga alipoleta barua ya posa, mjomba mahari hakuigusa kwanza. Aliuliza ukoo, kijiji na mwenyekiti wa kijiji ni nani, akachukua simu akapiga mwenyewe Muheza, kwao mchumba wangu, sote tumekaa kimya. Wale mnaosema mapenzi ya mtandaoni hayahitaji wazee, hapo tunatofautiana. Wazee wanauliza maswali ambayo wewe uliyependa huwezi kuyauliza.

Sasa huyo wa Mbeya. Mwambie utamkatia tiketi ya basi wewe, akutumie jina lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe achague yeye. Ya kusuka atapewa akishashuka stendi ya Mbezi. Na wewe uwe muungwana: mpe namba ya dada yako waongee, maana binti naye anapanda basi kwenda kwa mwanaume asiyemjua, na hilo hapa naona hakuna aliyeligusa. Mkutane mchana, sehemu yenye watu, na awe na pa kulala pasipo kwako.

Akikataa tiketi akang'ang'ania iwe hela, usimtukane, futa namba. Akipanda, leta mrejesho.