Kompyuta ya zamani na umeme unaokatika

SWALI: Nina Commodore 64, ile ya mwaka 1982, bado nzima. Umeme hukatika na kurudi ovyo. Je, stabilaiza itatosha kuilinda?

JIBU: Inasaidia, lakini hatari kubwa zaidi imo kwenye adapta yake yenyewe. Kile kisanduku kizito hutoa volti 9 za AC na volti 5 za DC. Kidhibiti cha hizo volti 5 huchoshwa na joto, na kikiharibika mara nyingi volti hupanda badala ya kushuka. Chipu za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) huungua hata umeme wa ukutani ukiwa umetulia kabisa.

Kwa hiyo pima kwanza. Chomoa plagi kwenye kompyuta, washa adapta, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye DC: waya mwekundu pini ya 5, mweusi pini ya 2. Mkono usitetemeke, ncha ikigusa pini mbili utapiga shoti. Kati ya volti 4.75 na 5.25 ni sawa. Ikizidi hapo, achana nayo. Nyingi zimejazwa gundi ngumu, hazitengenezeki kirahisi. Nunua mpya.

Umeme ukikatika, zima swichi, toa diski, chomoa plagi, na ukirudi subiri kama dakika 5 utulie. Faili lililokatizwa likiandikwa kwenye diski huonekana kwenye orodha ya diski likiwa na nyota (*). Usilifute kwa amri ya kawaida, utavuruga mengine. Andika amri hii ya kukagua na kusafisha diski:

OPEN15,8,15,"V0":CLOSE15