Swala yupo gereji, nichukue kisu gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Minnesota, mwaka huu majirani wamenishawishi nimekata leseni ya kuwinda swala wa huku (deer) na Novemba tunaingia porini. Jirani anasema kumpeleka mnyama kwa wanaokata kwa kulipwa ni hela nyingi, bora nimkate mwenyewe gereji. Nyumbani nina visu vya kawaida vya jikoni na panga nililonunua duka la Waafrika. Nikiangalia visu mtandaoni nachanganyikiwa, kuna seti ya vipande 12 na begi lake, kuna vya Kijapani dola 200, kuna vile vya kubadilisha wembe. Nichukue kipi? (Msomaji, Minnesota)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni. Hiyo seti ya vipande 12 iache hukohuko dukani. Utatumia viwili, kumi vitakaa kwenye begi mpaka uhame nyumba, na mara nyingi chuma chake ni laini, makali hayadumu hata mnyama mmoja.

Kisu cha kwanza, na kama hela ni ya kimoja tu basi ndo hiki, ni kisu cha kutolea mifupa cha inchi 6, yaani sentimita 15, chembamba chenye ncha kali na bapa lililopinda kidogo. Chukua kinachonesa kiasi, sio kigumu kama patasi wala kisiwe kinapinda kama karatasi. Kile cha Victorinox cha mpini mweusi wa plastiki kimejaa kwenye mabucha dunia nzima na sio cha bei kubwa. Hakina urembo wowote lakini mpini haukutoki mkononi ukishajaa damu na mafuta, na mimi mpini nauangalia kabla hata ya chuma, maana kisu kikiteleza mkono unashuka moja kwa moja kwenye makali.

Cha pili ni kifupi cha kupasulia tumbo na kuchunia ngozi, inchi 4 zinatosha, tumbo la bapa liwe la mviringo. Ukichuna ingiza ncha chini ya ngozi makali yakiangalia juu, ukate kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutokea nje unakata manyoya, manyoya yanaua makali haraka sana halafu yanabaki yamegandana kwenye nyama na kuyatoa ni kazi ya jioni nzima.

Vya Kijapani vya bei hiyo ni vizuri mno kwa samaki na mboga lakini chuma chake ni kigumu, ugumu wa 60 na kuendelea kwenye kipimo cha Rockwell, ukigonga mfupa makali yanamegeka. Visu vya bucha vinacheza kwenye 55 au 56 hivi, vinapinda badala ya kumegeka, unavinyoosha unaendelea na kazi. Na vile vya wembe wa kubadilisha vinakata kweli, ila wembe ni mwembamba, ukiupindisha kwenye kiungo unakatika na kipande kinapotelea ndani ya nyama. Kwa kuchuna sawa, kwenye viungo hapana kabisa.

Sasa panga. Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu najua tulivyozoea nyumbani, mbuzi anawekwa kwenye gogo anapigwa panga vipande vipande na mfupa wake, na mchuzi unakuwa mtamu kwa sababu ya huo mfupa. Kwa swala wa huko usifanye hivyo. Kuna ugonjwa unaitwa CWD, unaharibu ubongo wa jamii ya swala hao, ulianza kuonekana Colorado mwaka 1967 na Minnesota pia upo. Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri mnyama apimwe na akikutwa nao asiliwe. Kinachouleta sio mdudu bali ni protini iliyoharibika, na inajaa kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu na matezi. Panga ukilipiga katikati ya uti wa mgongo unaisambaza kwenye nyama yote, msumeno ndo kabisa.

Na uzuri ni kwamba hulihitaji hilo panga. Mkono wa mbele wa swala haujaungana na mwili kwa mfupa wowote, ni nyama tupu, ukiunyanyua na kupitisha ncha ya kisu kwapani unatoka wenyewe. Paja la nyuma limeshikwa na kiungo kimoja cha mviringo, itafute kano iliyo katikati, ikate kwa ncha, paja linaachia. Nyama ndefu ya mgongoni unaifuata kwa kisu ukiegemea mfupa kuanzia shingoni mpaka kiunoni, upande wa kushoto na wa kulia, na sarara iliyo ndani unaivuta karibu kwa vidole tu. Paja lenyewe ukilitazama vizuri lina mistari myeupe ya utando, kila msuli una mfuko wake, wewe fuata mistari hiyo na kila msuli utatoka mzima. Kisu chenye makali kinajiongoza hapo, kisicho na makali unakilazimisha na ndo kinakukata wewe. Mafuta ya swala yatupe karibu yote, sio kama ya ng'ombe, yakipoa yanaganda kwenye paa la mdomo na ndo yanayofanya watu waseme nyama inanuka pori.

Ukimaliza osha visu kwa sabuni mpaka kisibaki hata kipande cha nyama. Vikiwa vya stainless viloweke dakika 5 kwenye jiki na maji, sehemu 2 za jiki kwa sehemu 3 za maji. Watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walionyesha mwaka 2019 kwamba hiyo inaiondolea nguvu protini ya CWD iliyo juu ya chuma, ila jiki haiingii ndani ya nyama, ndo maana nasema osha kwanza. Kuchemsha hakusaidii. Baada ya hapo suuza na ukaushe palepale maana jiki inakula chuma.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Arusha, mume wangu hununua nyamapori kwenye bucha yenye kibali, juzi kaja na paja zima la nyumbu na kisu changu kimegoma. Huwa nakinoa kwenye ngazi ya saruji. Mhunzi sokoni anasema atanitengenezea kisu cha spring ya gari, jirani anasema ninunue stainless. Nimsikilize nani? (Mama wa Arusha)

JIBU: Marahaba mama. Msikilize mhunzi kama anajua kupoza chuma, kwa sababu spring ya gari ni chuma kizuri sana kwa kisu, inashika makali na inavumilia kupinda. Shida ni kwamba wengine wanakipasha moto, wanakigonga umbo halafu basi, hawakizamishi kwenye mafuta kikiwa chekundu wala hawakirudishi kwenye moto mdogo kikapungua ukali wa ugumu. Kabla ya kulipa omba tupa, ipitishe taratibu kwenye makali. Tupa ikila chuma kirahisi kama inakula msumari kisu hicho ni laini, mwachie. Ikiteleza na kukwaruza kidogo tu, lipa. Kitashika kutu ukikiacha na maji kwahiyo ukishaosha kifute na upake tone la mafuta ya kupikia. Kama nyumbani kuna watoto na wadada wa kazi wanaoacha vyombo vimelowa usiku kucha, hapo jirani yako yupo sahihi, chukua stainless.

Ila ngazi ya saruji achana nayo, inang'oa chuma ovyo na kuacha makali kama meno ya msumeno. Nunua kinoo chenye pande mbili, kikwaruzo na laini. Simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, halafu nusu tena, hapo uko kwenye nyuzi 20 na kitu, ndo pembe yako. Sukuma upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili unasikia kama kauzi kanakwaruza kidole, geuza, fanya vilevile, malizia upande laini. Usiku umekushika na kinoo huna? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri tu. Na kile chuma kirefu cha mviringo wanachotumia wa bucha hakinoi, kinanyoosha makali yaliyolala, kisu kilichokwisha hakitafufuka kwa hicho.

Halafu mama, risiti ya hiyo nyama itunzeni. Kanuni za mabucha ya nyamapori zipo tangu 2020, na anayekutwa na nyamapori bila karatasi anakuwa na kesi kubwa. Na ndugu wa Kenya wanaotusoma, kwenu uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, ya kwenu yabaki kwenye mbuzi na ng'ombe.

SWALI: Mzee, mwanangu wa miaka 13 anataka tukate wote swala wetu. Nimpe kisu kibutu kwa usalama? (Baba, Texas)

JIBU: Hapana kaka, usimpe kibutu, atatumia nguvu na kitateleza. Mpe kifupi chenye makali na kizuizi cha vidole mbele ya mpini, zile Mora za Sweden za mpini wa mpira ni bei poa na zinatosha mkono wa mtoto. Mkono usioshika kisu uvae glovu ya nyuzi za kuzuia kukatwa. Mnyama akiwa ananing'inia asimguse, hapo kisu kinakwenda pande zote na miguu yenu iko chini yake. Mkalishe mezani, ubao uwekewe kitambaa kibichi chini usitembee, mpe misuli mliyokwisha kuitenganisha aitoe ule utando mweupe: anaingiza ncha chini ya utando, anaushika mwanzo wake, makali yanaangalia juu kidogo kuelekea utando, anasukuma kisu kwenda mbele akiuacha mkono wa kushika nyuma. Ampe dada yake zamu akichoka, kwa sababu mikono iliyochoka haina adabu na kisu.