Kwa nini sikutaka unisomee

Mwanangu,

Barua yako nimeisikiliza mara mbili. Unajua ninavyokiendesha mbio kisoma skrini changu, hiyo programu inayonisomea kwa sauti maandishi nisiyoyaona, mtu mwingine asiambulie hata neno. Nilipofika kwenye swali lako nilikirudisha nyuma, nikakipunguza mwendo.

Unauliza kuhusu siku ile ya dirishani. Ulikuwa na miaka kumi. Karani alinipita mimi, akakupa wewe fomu, akasema, "Msomee mama." Ulikuwa umeshaanza mstari wa kwanza nilipokunyang'anya karatasi na kumrudishia. Tukakaa kwenye benchi mpaka mchana, hadi alipopatikana mtu mzima wa kunisomea faragha. Unasema miaka yote hii umedhani ulisoma vibaya. Na unaulizia sasa kwa kuwa leo wewe ndiye unayekaa nyuma ya dirisha, na juzi alipokuja mzee asiyeona na mjukuu wake, mkono wako ulimwendea mjukuu.

Ulisoma vizuri. Ulijua kusoma kuliko watoto wengi wa rika lako, na shida ilianzia hapohapo.

Huenda huikumbuki barua ya hospitali. Ilikuja miezi michache kabla ya siku ile. Nilikuwa naosha vyombo, nikakuambia uifungue unisomee, kama ulivyokuwa unanisomea kila kitu. Ulikwenda vizuri mpaka neno "uvimbe", ukanyamaza. Kisha ukasoma iliyobaki kwa sauti ndogo, bila kuruka neno, na ulipomaliza ukaniuliza kama nitakufa. Ule uvimbe haukuwa wa hatari, lakini hilo tulilijua baada ya wiki tatu, na katika wiki tatu hizo ulikuwa unaamka usiku na kuja kusimama mlangoni kwangu. Ulidhani sikusikii.

Mama anayeona angeifungua barua ile peke yake. Angekaa nayo siku nzima, angelia bafuni, angechagua la kukuambia na la kukuficha. Mimi habari za mwili wangu zilinifikia kupitia mdomo wa mtoto wa miaka tisa. Nikaapa kwamba haitatokea tena. Sasa fomu ya dirishani ilikuwa inauliza madeni yangu na magonjwa yangu.

Karani yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na wewe ulikuwa pale, una macho, na hulipwi. Ndivyo inavyokuwa: ofisi isipoandaa fomu ninayoweza kuisoma, pengo linazibwa na mtoto, na likishazibwa hakuna tena anayeliona. Kila uliponisaidia vizuri, wao walizidi kuamini kwamba hakuna cha kurekebisha. Mkono wako mdogo ulikuwa unawafunika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulikuwa bado haujapitishwa. Ulipitishwa Desemba 2006. Nilipoupata kwa nukta nundu, maandishi yetu ya kusomwa kwa kugusa, vidole vyangu vilisimama kwenye ibara ya 21: habari zinazotolewa kwa umma zitufikie nasi kwa muundo tunaoweza kuutumia, kwa wakati, bila gharama ya ziada. Ibara inayofuata inalinda faragha, na taarifa za afya zimetajwa humo waziwazi. Nilicheka peke yangu. Kumbe nilichokigombania pale kwenye benchi kilikuja kupewa namba.

Si jambo la jana, lakini. Katika shule ya Paris aliyosoma Louis Braille, wanafunzi wasioona walipewa herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Vitabu vizito, na kidole kinahangaika kufuata kila mkunjo wa herufi. Ila mwalimu anayeona aliweza kuzisoma bila kujifunza chochote. Braille alikuwa na miaka 15 alipokamilisha mfumo wake wa nukta sita, hizihizi nukta nundu zetu, mwaka 1824. Shule ikaukubali rasmi 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kila ninapoalikwa kwenye kikao cha "ujumuishi", jengo limeshakwisha na ngazi zimeshamwagwa zege, nami naombwa niseme maneno mawili ya shukrani, huwa naikumbuka shule hiyo. Siku hizi maneno yangu mawili huwa marefu.

Kosa langu siku ile ni moja. Nilikunyang'anya karatasi bila kukuambia neno. Hasira yangu ilikuwa ya karani, wewe ndiye uliyeibeba hadi nyumbani. Nisamehe, mwanangu.

Kuhusu yule mzee. Akirudi, sema naye yeye mwenyewe, na umtajie jina lako kwanza ili ajue anaongea na nani. Muulize anapenda kusoma kwa njia gani: nukta nundu, faili atakalolisikiliza kwenye simu yake, au asomewe. Pengine atasema anataka mjukuu ndiye amsomee, na hiyo ni haki yake; cha muhimu achague yeye, si wewe. Akitaka umsomee, mtafutie chumba chenye mlango. Soma yote, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo wenzako huyaruka, wala usimfupishie. Kwenye sahihi, mwekee ukingo wa kadi ngumu sambamba na mstari, kalamu yake itafuata hapo. Na mkitembea usimshike mkono ukamvuta. Mpe kiwiko chako akishike yeye. (Najua hili unalijua. Waambie wenzako.)

Tena fomu yenu ya kwenye intaneti nimeijaribu, kwa udadisi tu. Kisoma skrini kilinitajia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vyote vitatu havina jina, sasa sijui kipi kinatuma na kipi kinafuta. Maelekezo nayo mmeyapiga picha ya karatasi mkaipandisha, kwa hiyo kwangu ukurasa mzima ni kimya. Aliyetengeneza hiyo fomu anaweza kuvipa vitufe majina kwa muda wa kunywa chai. Mwandikie, na nakala uniletee mimi, maana mimi nitamwandikia pia.

Picha uliyoituma jana imefika bila maelezo. Nimesikia "picha", basi. Niambie kuna nani humo na anafanya nini, na kama ni yule binti uliyekuwa unamtaja kwa mafumbo, usinifupishie.

Mama yako