Datsun ya Safari Rally: Nipake Tope au Niiache Safi?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu aliye Japani ameniletea seti ya kuunganisha Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally ya 1971, kipimo cha 1/24. Fundi wa gereji jirani alinichanganyia rangi nyekundu na thina. Nikaijaribu kwenye kipande cha ziada, plastiki ikalainika na kuchanika. Stika nazo nilipozijaribu zilionyesha weupe kwa chini. Halafu tope: nipake, au nitaharibu kazi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba kijana wangu. Umefanya vyema kuanza na kipande cha ziada. Thina ya gereji imekusudiwa bati, plastiki hii inaiyeyusha. Tumia rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, tabaka nyembambanyembamba juu ya praima nyeupe, kwa sababu nyekundu juu ya kijivu hufifia. Pulizia asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamsha vumbi la Majengo. Boneti ni nyeusi isiyong'aa. Rangi hiyo humkinga dereva na mwako wa jua.

Weupe wa stika ni hewa iliyonaswa juu ya rangi yenye mikwaruzo. Pulizia kwanza vanishi ya kung'aa, iache ikauke kabisa, ndipo uloweke stika na kuibandika. Ikigoma kulala kwenye mkunjo wa mlango, idondoshee siki nyeupe kidogo, kisha ikandamize taratibu kwa pamba yenye unyevu.

Sasa tope. Paka, tafadhali! Edgar Herrmann na Hans Schüller, walioshinda na gari hili, hawakushinda kwenye lami. Mbio zile zilikuwa za Pasaka, na wewe uliyekulia Moshi hauhitaji kuelezwa barabara za vijijini zinavyokuwa masika. Datsun ya Safari inayong'aa kama sahani ya kabatini inawanyima haki waliopita nayo mle.

Na udongo unao bure. Panda Kibosho, chota ule wa kahawia-nyekundu, kiganja kimoja kinatosha. Ila usiupake ulivyo. Kwa kipimo cha 1/24, punje ya nusu milimita inakuwa kokoto ya milimita 12. Gari litaonekana limemwagiwa changarawe. Koroga udongo kwenye bilauri ya maji, hesabu taratibu hadi kumi, kisha mimina maji ya juu kwenye sahani na uache mchanga uliozama. Anika sahani juani. Kitakachobaki ni unga laini kuliko poda, na huo ndio wa kufanyia kazi.

Anza na vumbi, tope lifuate. Unga mkavu upake kwa brashi laini, mwingi zaidi nyuma, maana gari likienda kasi hewa hujizungusha nyuma yake na kulivutia vumbi kwenye bampa na kioo. Kisha changanya unga na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Chovya mswaki wa zamani, uvute nywele zake kwa kidole ili urushe matone kutoka kwenye tairi kuelekea nyuma, kwani ndiko tope linakorukia: nyuma ya magurudumu ya mbele, chini ya milango, ndani ya madigadi. Wengi huliparaza kila mahali kwa usawa, na hapo ndipo uongo unapoonekana. Kwenye kioo cha mbele kata karatasi ya kubandika kwa umbo la nusu duara mbili, zibandike kabla ya kurusha, ukizibandua utapata njia safi za waipa.

Namba ya mlangoni usiizibe yote. Wasimamizi wa vituo walihitaji kuisoma.

Siku nyingine ukipata seti ya Peugeot 404, usiiache. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda nayo 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell, na nchi hii imewasahau mno.

Ikikauka tutumie picha. Piga ya nyuma pia, nataka kuliona lile vumbi la bampa.