Maswali na Majibu: Kumtoa Mtoto Mdogo Nje, Kutoka Masika Hadi Kiangazi

Tangu nilipoeleza katika safu hii jinsi binti yangu, ambaye sasa ana umri wa miaka miwili na miezi minne, alivyozoea kutembea nami kila asubuhi hapa Dar es Salaam, wasomaji wameniletea maswali mengi ambayo yanahusu jambo lilelile: mtoto ambaye ndiyo kwanza anajua kutembea atolewe nje wakati gani, apelekwe wapi, na mzazi ajihadhari na nini. Leo ninajibu sita kati ya hayo.

Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, na tangu masika yaanze tumekuwa tukijifungia ndani. Mama mkwe anasema nikimtoa kwenye unyevunyevu atapata nimonia. Je, ni kweli? (Mama, Tabata)

Dada yangu, mama mkwe wako hajakosea kuiogopa nimonia, kwa sababu ni ugonjwa unaoua watoto wadogo, na kizazi chake kiliwazika wengi kuliko tulivyozika sisi. Hata hivyo, nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hupata nafasi zaidi katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi na moshi wa kupikia kuliko uani palipo na hewa safi. Kinachomdhuru mtoto kwenye mvua ni kukaa na nguo zilizolowa mpaka mwili upoteze joto, na kinga yake ni kanga kavu, fulana ya kubadilisha na kurudi nyumbani kabla hajaanza kutetemeka. Mwambie mama hayo kwa upole, na ikiwezekana nendeni naye, kwa maana bibi akimshika mjukuu mkono wasiwasi wake hupungua.

Masika ya pwani, yaani kati ya Machi na Mei, huwa na siku chache za mvua ya kutwa nzima. Mara nyingi mvua hukatika, jua likachungulia kwa saa moja au mbili, na huo ndio wakati wenu. Kwa mtoto wa umri huo hakuna majira yenye mambo mengi ya kutazama kuliko haya, kwani konokono wakubwa hupanda ukutani, kumbikumbi huacha mabawa yao kizingitini, na majongoo hutoka kila upande. Binti yangu aliwahi kuchuchumaa mbele ya jongoo mmoja kwa muda ambao chai yangu ilitosha kupoa, akimgusa kwa ncha ya kijiti. Jongoo akajiviringisha kama gurudumu, naye akasubiri kimya mpaka alipojikunjua tena, akamgusa tena. Sikuwa na la kumfundisha zaidi ya hilo alilokuwa akijifundisha mwenyewe, isipokuwa kwamba hatuli jongoo na kwamba baada ya kumgusa tunanawa mikono.

Yapo mambo matatu ambayo sina mzaha nayo. Radi ikisikika, tunaingia ndani. Maji ya mafuriko hatuyakanyagi hata yakiwa ya kifundo cha mguu, kwa sababu yamechanganyika na maji ya vyoo na yanaficha mitaro isiyo na mifuniko; dimbwi la kuchezea liwe lile ulilolitazama likijaa kwa mvua ya leo mahali unapopajua. La tatu ni mbu: yule anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua sana jiji hili mwaka 2019, huuma mchana na hutaga mayai katika maji kidogo yaliyotuama, kwa hiyo kabla ya kutoka mwage maji yaliyomo kwenye vifuu, matairi na ndoo za uani, na umvalishe mtoto suruali ndefu.

Tunaishi Kigamboni, karibu na ufukwe. Kiangazi hiki binti yetu wa miaka miwili anadai bahari kila siku, lakini jua linatutisha, na kofia anaitupa. Tumpeleke saa ngapi? (Baba, Kigamboni)

Kaka, mna bahati ya kuishi hapo, na saa zenu ni mbili: kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Kati ya saa nne na saa tisa, hasa katika miezi ya kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, jua la mahali petu huwa karibu na utosi, joto hupita nyuzi 30, na mchanga huunguza nyayo. Ngozi yetu nyeusi inatusaidia kiasi, lakini haizuii mwili wa mtoto kuchemka wala haiyakingi macho yake. Na ikiwa mtoto ana ualbino, basi nguo za mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua ni vitu asivyotoka nyumbani bila kuwa navyo. Kuhusu kofia inayotupwa, vaa yako kwanza na umwache yeye akuvalishe, kisha umvalishe yake. Kwetu njia hiyo ilihitaji takriban wiki mbili za uvumilivu. Maji ya kunywa apewe kabla hajaomba, kwa kuwa mtoto aliyezama katika mchezo hakumbuki kiu.

Saa ya jua peke yake haitoshi, lazima muijue pia saa ya maji. Waulizeni wavuvi wa hapo Kigamboni, nao watawaambia kwamba siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata hali hiyo huchelewa kwa takriban dakika 50, kiasi kwamba baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo huwa yamegeuka, na saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa. Kwa mtoto wa miaka miwili, asubuhi za bamvua ndizo bora kuliko zote: mnafika saa mbili, maji yanazidi kwenda, yanaacha vidimbwi vya uvuguvugu vyenye kaa wadogo na samaki wa ukubwa wa kucha, na mnaondoka saa tatu kabla jua halijakolea. Mvalisheni yeboyebo, kwa sababu kwenye mawe wapo viumbe wenye miiba, na mkiona yavuyavu, hata aliyekufa mchangani, msimruhusu amguse.

Kisha kuna sharti ninalolitamka kwa uzito wote: mmoja wenu awe karibu kiasi cha kuweza kumshika mtoto kwa kunyoosha mkono, simu ikiwa mfukoni. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwake, na huzama kimya bila kupiga kelele.

Naishi ghorofa ya nne Umoja, hatuna uwanja. Julai Nairobi ni baridi na mawingu, na mtoto wangu wa miaka miwili anashinda mbele ya televisheni. Nianzie wapi? (Mama, Nairobi)

Mama, anzia kwenye ngazi. Ngazi za ghorofa nne, zikipandwa na kushukwa na mtoto aliyeshikwa mkono, ni safari kamili kabla hamjafika barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 2 auchezeshe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na mtoto wa miaka 2 asizidi saa moja mbele ya skrini. Dakika 180 zinaweza kukuogofya, ila si lazima ziwe mfululizo. Ngazi, sokoni na mchezo wa sebuleni vyote vinahesabiwa.

Kuhusu baridi, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hivyo asubuhi ya Julai inauma kweli. Ngojeni mpaka saa nne, mvalishe nguo mbili tatu nyepesi badala ya sweta moja zito, na umvue moja anapoanza kutoka jasho mgongoni. Mkipata nafasi mwishoni mwa wiki, bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za treni za mvuke, ina nyasi pana na kivuli cha kutosha. Msitu wa Karura nao, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawiwe wajenzi, una njia zinazompendeza mtoto anayependa kuokota majani na mbegu. Usimpangie kufika kwenye maporomoko. Akikaa nusu saa juu ya gogo moja karibu na lango, matembezi yamekamilika.

Je, ni salama mtoto wa mwaka mmoja na nusu kuchezea maji ya Ziwa Victoria kandokando, kwenye kina kifupi? (Baba, Mwanza)

Hapana, ndugu yangu. Kandokando ya ziwa, hasa penye majani, ndipo wanapoishi konokono wanaobeba kichocho, na mabuu ya ugonjwa huo hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu za kugusa maji, hata kama mtoto hakuyanywa. Ikiwa ameshayachezea, mpeleke kituo cha afya apimwe, kwani tiba ipo. Mwanza ina mengi makavu ya kumfurahisha mtoto: kaeni juu ya mawe mtazame ndege na mitumbwi, au mpande boti kwa dakika chache hadi kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, akiwa amevaa jaketi la kuokolea linalomtosha.

Nimekuja Toronto kumlea mjukuu wa miaka miwili. Wazazi wake wanataka nimtoe nje hata Januari kwenye theluji. Naona kama ni kumtesa. (Bibi kutoka Morogoro)

Shikamoo, bibi. Si kumtesa, maana watoto wa huko hucheza kwenye theluji na kuifurahia, mradi wamevikwa ipasavyo. Nguo inayogusa mwili isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki baridi. Juu yake iwe sufu, kisha koti lisilopitisha maji, pamoja na kofia ya masikio, buti, na glavu za mfuko mmoja ambamo vidole hupashana joto. Huku kwetu tunaikimbia saa sita mchana, lakini huko ndiyo saa yenu. Dakika 20 zinatosha kwa kuanzia. Mguse pua, mashavu na vidole kila mara, na vikipauka au asipovihisi, rudini ndani. Akiingia garini, mvueni koti nene kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, maana unene wa koti huufanya mkanda ulegee. Mfunikeni kwa blanketi juu ya mkanda.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda dukani Kariakoo na narudi mtoto amelala. Jumapili tu ndiyo yangu naye. Nimepanga kila mwezi nimpeleke mbali, kama Mikumi au Bagamoyo, ili azione sehemu nyingi. Ana miaka miwili. Unashauri nini? (Baba, Mbagala)

Baba, barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu mapenzi uliyonayo kwa mtoto huyo yanaonekana katika kila mstari. Fedha ya Mikumi iweke mpaka afikishe miaka mitano au sita. Barabara ni ya saa tano au zaidi, na mtoto wa miaka miwili atalala njiani, atatapika au atalia, na mwishoni atakumbuka biskuti aliyokula garini kuliko tembo. Umri huu haujali umbali, bali hupenda kurudi palepale, kwa sababu mtoto anapokuta kitu alichokiacha kimebadilika ndipo anapogundua kwamba dunia ina mwendo wake.

Sisi tuna mti mmoja wa mkungu nyuma ya duka la Mangi. Wakati wa masika tulijificha chini ya majani yake mapana na kusikiliza mvua ikiyapiga. Kipupwe kilipofika na kusi kuvuma, majani yaligeuka mekundu moja moja, na binti yangu akawa anaokota lile jekundu kuliko yote, analishika mpaka nyumbani na kulilaza juu ya mto wake. Siku tuliyokuta kungu zimeanguka alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezimwaga, tukazipasua kwa jiwe na kula kokwa zake. Sasa hatujafika hata kwenye kona ananiambia, "Baba, twende kwa mti wetu."

Kwa hiyo tafuta mti, kichuguu, kisima au karakana ya seremala iliyo karibu na kwako, na kila Jumapili saa moja asubuhi nendeni hapohapo, yeye akitangulia na wewe ukifuata kwa mwendo wake, bila kumwambia aharakishe. Chukua maji, ndizi moja na kanga. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye mkungu ni hatua zisizofika mia mbili, nasi hutumia dakika arobaini.