Kabla hujamuuzia jina, muulize habari za viazi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku nyumbani hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia tena usiku. Unauliza kama umkubalie yule mfanyabiashara wa Kampala anayetaka kukulipa kitita mara moja, kisha atumie jina la maduka yako ya Roysambu na Umoja kuuza kuku na chipsi kule kwao. Unasema pesa ni nzuri, na kwamba hata McDonald's ilianza na duka moja tu.

Jibu langu ni usikubali, angalau si kwa namna anayotaka yeye. Na nitaanzia kwa viazi, maana ndiyo kazi ninayoijua.

Hao McDonald's walikuwa ndugu wawili, Richard na Maurice. Mwaka 1948 walilipanga upya duka lao la San Bernardino, California: vyakula vichache, kila mfanyakazi na kazi yake, baga inatoka mara moja. Watu wakaja kununua jina, nao wakawauzia. Ila hawakuwafuatilia, kwa hivyo kila mnunuzi akawa anaendesha duka apendavyo. Ray Kroc, aliyekuwa muuzaji wa mashine za milkshake, aliungana nao mwaka 1954, na mwaka uliofuata akafungua duka lake Des Plaines, karibu na Chicago. Alifuata mapishi yao hatua kwa hatua, lakini chipsi zikatoka tepetepe, hazina ladha. Alihangaika kweli mpaka akagundua kwamba kule California viazi vilihifadhiwa nje, kwenye mapipa ya waya wa kuku, na upepo mkavu wa jangwani ulikuwa ukivipitia. Kwa muda huo sukari iliyomo ndani ya kiazi hugeuka kuwa wanga. Kroc alikuwa ameviweka chini ya duka, hakuna hewa. Ikabidi avipulizie feni.

Hilo umeliona wewe mwenyewe. Viazi vilivyokaa kwenye baridi, ukivitia kwenye mafuta vinakuwa vyeusi nje kabla ya kuiva ndani, na mteja anadhani mafuta yako ni ya juzi. Ndiyo sababu pale soko la Marikiti sinunui gunia kwa kulitazama juu, hasa hayo yaliyoshonewa kilemba, yaani kipande cha juu cha kuliongeza. Naingiza mkono hadi chini, natoa kimoja, nakipasua, naangalia kama kina uwazi katikati au rangi ya kijani chini ya ganda. Na kwa kuwa Shangi, aina ya viazi ninayokununulia, haikai, wiki chache tu imeanza kuchipua, nakuletea kidogokidogo. Wateja wako wa Roysambu hawajui lolote kuhusu haya, lakini ndiyo wanayorudia.

Sasa huyo bwana atanunua viazi wapi? Uganda wana viazi vizuri sana. Vingi hutoka Kabale, kilomita kama 400 kutoka Kampala, na si aina hii yetu. Nani atakayevipasua? Nani atamwambia mpishi kwamba vya leo vikaangwe mara mbili?

Unakumbuka Januari 2022, KFC walipokosa chipsi hapa Nairobi? Walikuwa wameingia nchini tangu 2011, lakini chipsi zao zilikuwa zikitoka ng'ambo, na meli zikachelewa kwa sababu ya Korona. Watu walikasirika mitandaoni, na haki walikuwa nayo: Nyandarua, Meru na Nakuru wanalima viazi, halafu duka la Nairobi linangoja meli! Kampuni ilijibu kwamba kila anayewauzia lazima apitie ukaguzi wao wa ubora. Jibu hilo lina maana, na wewe pia ulichukue. Ila kwa miaka kumi mkulima wa hapa angeweza kuandaliwa apite huo ukaguzi. McDonald's walipokuwa wanaingia Moscow mwaka 1990, walijenga kwanza kiwanda chao cha kuandaa chakula, wakaleta mbegu za viazi na kuwafundisha wakulima. Walipoingia India mwaka 1996 waliacha kabisa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwenda nchi nyingine ni kazi ya kuandaa shamba, ghala na jiko la wenyeji kabla ya kupandisha bango.

Halafu kuna hicho kitita. Kinanitia wasiwasi kuliko viazi. Kroc alikuwa akitoza mwenye duka dola 950 tu za kuanzia, kisha asilimia 1.9 ya mauzo, na asilimia 0.5 katika hizo zikienda kwa wale ndugu. Maana yake, duka lisipouza, naye hapati. Baadaye mwenzake Harry Sonneborn akaleta wazo la kampuni kushika viwanja na kuwapangisha wenye maduka, kwa hivyo anayeharibu chakula anaweza kupoteza hata mahali pa kuuzia. Wewe ukishapokea kitita, utakuwa na nini mkononi cha kumzuia huyo bwana akianza kutumia mafuta wiki nzima?

Mimi ningefanya hivi. Fungua tawi moja mbali kidogo, Nakuru kwa mfano, ambako huwezi kupita kila jioni. Andika kila kitu, kuanzia unene wa kukata kiazi hadi siku ya kumwaga mafuta, umpe msimamizi, kisha uende bila kumwarifu, ukae kama mteja, ule. Wakati huohuo sajili jina lako Uganda, maana usajili wa Kenya haukulindi kule, na asije akakutangulia.

Na huyo bwana usimfukuze. Mwambie unataka mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, kila mwezi badala ya kitita, ruhusa ya kukagua jiko siku yoyote, na haki ya kuchukua jina lako akivunja masharti. Umwombe pia akutajie atakayemletea viazi na kuku. Akikutajia, niambie, nitapanda basi niende nikavione hivyo viazi mwenyewe.

Mama yako