Jibu: Kwa nini samurai akishalipa kisasi anajiua?
Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye hizi filamu fupi samurai (askari wa Japani ya zamani aliyemtumikia bwana wake) akishamuua adui hasherehekei, anajiua. Tazama kisa cha kweli cha Ako. Mwaka 1701 Asano, bwana aliyetawala eneo la Ako, alimjeruhi Kira, afisa wa serikali, ndani ya kasri la Edo (Tokyo ya leo), akaamriwa ajipasue tumbo siku hiyohiyo. Samurai wake 47 wakangoja karibu miaka miwili ili wamlipie kisasi. Kiongozi wao, Oishi, alijifanya mlevi kule Kyoto kuwapumbaza wapelelezi wa Kira (utamu wote uko hapo!). Mwishowe wakamkata Kira kichwa, wakakipeleka kaburini kwa bwana wao. Serikali ikakwama: wametimiza uaminifu, lakini wamevunja sheria. Ikawaamuru 46 kati yao wafanye seppuku, yaani wajipasue tumbo, kifo cha heshima, badala ya kuuawa kama wahalifu. Filamu nyingi huo mvutano zinauruka, zinabaki na panga tu.